Burudani ya Mkekani: Namna ya Kupata cha Kusikiliza na Kutazama Unapofanya Mazoezi Nyumbani

Wengi wanaoacha mazoezi ya nyumbani hawaachi kwa sababu ya maumivu. Wanaacha kwa sababu yanaboa. Gym kuna watu, kuna vioo, kuna mwalimu wa kukukaripia, na kuna hela uliyokwisha kulipa inayokuuma. Nyumbani kuna ukuta, feni, na harufu ya vitunguu vinavyokaangwa kwa jirani. Dakika ya tano unatazama saa. Dakika ya nane unakumbuka nguo hazijaanuliwa, na ukitoka kwenda kuzianua, ndiyo imetoka hiyo.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kila wiki, pamoja na mazoezi ya misuli angalau siku mbili. Ukichukua kiwango cha chini ni nusu saa, siku tano. Kwa mtu anayekaa na simu kitandani hadi saa sita za usiku, nusu saa si kitu. Kwa mtu anayerukaruka sebuleni peke yake bila cha kumshughulisha akili, ni ndefu mno.

Mazoezi yenyewe nadhani unayo tayari, kwa hiyo sitayafundisha hapa. Hapa ni kuchagua burudani inayoendana nayo, maana ndipo watu wanapokwama: wanachukua kile wanachokipenda wakiwa wamekaa kwenye kochi, wanakihamishia mkekani vilevile kilivyo, kisha wanashangaa mbona hakinogi.

Hatua ya 1: Angalia zoezi limekuachia nini, jicho au sikio

Kabla hujatafuta wimbo wala tamthilia, litazame zoezi lenyewe. Ukiwa unatembea papo hapo, unakanyaga baiskeli ya mazoezi, au unapanda na kushuka kidato cha mlangoni, kichwa kimetulia. Macho yako huru, masikio yako huru. Hapo unaweza kutazama chochote.

Pushapu ni habari nyingine. Uso unaelekea sakafuni, na ukiinua shingo kutazama TV, kiuno kinadondoka na mgongo unapinda. Skwati nayo vilevile: ukigeuza kichwa kuelekea TV iliyoko pembeni, uzito wote unaegemea goti moja. Planki ndiyo kabisa. Kuruka kamba macho yanaona, lakini picha inarukaruka nawe, na maandishi hayasomeki. Mazoezi haya yote yamekuachia sikio tu, kwa hiyo yape cha kusikia.

Kuna kundi la tatu, yale ya kukata pumzi: kuruka kwa nguvu sekunde 30, kupumzika 30, kurudia. Hapo hata sikio halipokei kitu cha maana. Costas Karageorghis, profesa wa Chuo Kikuu cha Brunel jijini London ambaye amechunguza muziki na mazoezi kwa miaka mingi, anaeleza kwamba muziki hupunguza hisia ya uchovu zoezi likiwa jepesi au la wastani. Likishakuwa kali, mwili unapiga kelele kuliko spika, na hadithi iwe tamu kiasi gani huisikii. Wakati kama huo mdundo mzito peke yake unatosha. Podikasti iache kwa siku ya kutembea.

Utajuaje uko kundi gani? Jaribu kuongea. Ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba, uko kwenye wastani. Ukishindwa kumaliza sentensi bila kuvuta hewa, umeshavuka. Waliopita JKT, au waliosoma enzi za mchakamchaka wa alfajiri shuleni, wanalijua hili kwa mwili ingawa hakuna aliyewaeleza: kiongozi anaimba, kundi linaitikia neno moja au mawili, na mbio zinakwenda kwa kasi ambayo itikio bado linatoka. Wimbo ulikuwa burudani, na ulikuwa pia kipimo. Kundi likianza kuitikia kwa kukoroma, kiongozi mwenye akili anapunguza mwendo.

Hatua ya 2: Pima mdundo wa wimbo kabla ya kuuweka kwenye orodha

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo penye faida kubwa kuliko kote. Chukua simu, cheza wimbo, tazama mshale wa sekunde kwenye saa ya ukutani. Gonga paja kwa kiganja kila ngoma kubwa inapopiga. Hesabu kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Ukipata mipigo 28, wimbo huo una midundo 112 kwa dakika. Fanya hivyo kwa nyimbo kumi unazozipenda, andika namba pembeni ya kila jina, na tayari unayo ramani.

Kwa nini namba? Kwa sababu mguu unafuata mdundo hata usipouambia. Hatua 100 kwa dakika ndiyo kasi inayohesabika kwa watu wengi kuwa kutembea kwa mazoezi, si kutembea kwa kwenda dukani. Ukiweka wimbo wa midundo 110 ukatembea papo hapo ukikanyaga kila mdundo, umeshapita kipimo hicho bila saa ya mkononi wala programu ya kulipia. Mwaka 1998 mkimbiaji wa Ethiopia, Haile Gebrselassie, alivunja rekodi ya dunia ya mita 2000 ndani ya ukumbi huko Birmingham huku uwanjani ukichezwa wimbo aliouomba mwenyewe, kwa kuwa mdundo wake uliendana na hatua zake. Wewe huvunji rekodi, lakini miguu ni miguu.

Sasa tuje kwenye muziki wetu.

Amapiano, ingawa imetoka Afrika Kusini, imeshakuwa ya nyumbani, na mara nyingi inaangukia kati ya midundo 110 na 115. Kwa kutembea papo hapo, kukanyaga kidato na skwati za taratibu, sijaona mshindani wake. Nyimbo zake ni ndefu, hazina haraka, na besi yake inakwambia lini ushuke na lini uinuke. Bongo Fleva ya kuchezeka nyingi utaikuta jirani na 100, ila hii pima wimbo kwa wimbo, maana msanii mmoja anaweza kuwa na wimbo wa kubembeleza na wa kukata kiuno kwenye albamu ileile.

Singeli inataka heshima. Muziki huu uliozaliwa uswahilini Dar es Salaam, mtoto wa mchiriku, unakwenda midundo 200 na zaidi kwa dakika, na mingine inakaribia 300. Hakuna mguu wa binadamu wa kukanyaga kila mdundo hapo, na anayejaribu atapelekwa hospitali na magoti yake. Siri ni kukanyaga mdundo mmoja na kuruka mmoja. Singeli ya 220 inakuwa 110 kwa miguu, wakati kichwa bado kinapata ile fujo yake yote. Kwa kamba ni tamu ajabu: kamba inapita chini ya miguu kwa kila mdundo wa pili, na yule MC anavyoropoka bila kuvuta pumzi unaona haya wewe kuomba mapumziko. Ila isiwe ya kwanza kwenye orodha. Mwili uliotoka kitandani haukutani na singeli bila kupigwa utangulizi.

Muziki wa dansi ndio hazina ambayo vijana wameisahau. Nyimbo za bendi kama Mlimani Park, wana Sikinde, iliyoanzishwa 1978, au Msondo Ngoma iliyotokana na NUTA Jazz ya 1964, zimejengwa kwa sehemu mbili. Kwanza mashairi, taratibu, waimbaji wanapokezana, magitaa yanasuka pole pole. Halafu chemko: mdundo unapanda, gitaa la solo linashika usukani, tarumbeta zinajibu, na ukumbi mzima unasimama. Wakongo wanaiita sebene, na TPOK Jazz walikuwa na nyimbo ambazo peke yake zinajaza upande mzima wa sahani ya santuri. Kwa mtu wa mazoezi huo ni mpango uliokwisha kupangwa. Wakati wa mashairi unatembea papo hapo na kupasha viungo. Chemko likianza, unafungua: magoti juu, mikono inakwenda, unaruka. Wimbo ukiisha unapumua huku wimbo unaofuata ukianza na mashairi yake. Nyimbo tatu za namna hiyo zinakufikisha karibu na nusu saa, na hujagusa saa hata mara moja.

Mwisho wa zoezi, wakati wa kunyoosha viungo, ndiyo nafasi ya taarab asilia. Vikundi vya Zanzibar kama Nadi Ikhwani Safaa, kilichoanza 1905, na Culture Musical Club cha 1958, vina nyimbo zenye utangulizi mrefu wa fidla na kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, kabla mwimbaji hajafungua mdomo. Utangulizi mmoja unatosha kunyoosha paja la kulia na la kushoto bila kuhesabu sekunde. Taarab ya kisasa, ile ya mipasho, mimi siiweki kwenye mazoezi: maneno yake yanataka usikilize, na ukisikiliza nani anapashwa unasahau uko pushapu ya ngapi.

Kwaya na qaswida zina mdundo, na zinapimika kama nyimbo nyingine. Mahubiri na mawaidha ni ya kutembea papo hapo. Kuhusu Qurani, wapo wasiopenda isomwe wakati akili iko kwenye kuhesabu skwati, kwa kuwa usomaji wake una adabu ya kunyamaza na kusikiliza. Kila mtu na dhamiri yake, lakini kama mpo wawili chumbani, muulize mwenzako kwanza.

Hatua ya 3: Maneno badala ya muziki

Sio kila mtu ni wa muziki. Wengine wakisikia besi wanachoka mapema, ila wakiwekewa mtu anayesimulia wanakwenda saa nzima. Kwao redio bado haijapata mpinzani. Taarifa za habari za idhaa za Kiswahili kama BBC, DW na RFI, mjadala wa michezo wa asubuhi, hadithi za kusikiliza, podikasti za mahojiano: vyote vinakwenda na mazoezi ya taratibu na yale ya sakafuni ambayo jicho halina kazi.

Utangazaji wa mpira redioni nauweka juu ya vyote hivi. Mtangazaji wa redio hana picha ya kumsaidia, kwa hiyo anakueleza kila kitu: nani ana mpira, yuko upande gani, nani anamfuata. Unaweza kulala chali ukifanya mazoezi ya tumbo na hukosi hata pasi moja. Kipindi kimoja ni dakika 45, mapumziko 15. Fanya kipindi cha kwanza, cha pili kaa ule ugali wako kwa amani. Mechi ya Simba na Yanga, hata hivyo, siishauri kwa mwenye presha. Moyo utafanya mazoezi yake bila msaada wako.

Hatua ya 4: Kama ni lazima utazame

Tamthilia ndiyo kishawishi kikubwa, na haina ubaya. Sharti ni moja: uifahamu bila kuikodolea macho. Tamthilia ya Kikorea yenye maandishi ya tafsiri chini ya kioo haifai. Ukigeuka kidogo umekosa sentensi, ukirudisha nyuma umesimamisha zoezi, na nusu saa inageuka kuwa robo saa ya jasho na robo saa ya kubonyeza. Chagua iliyotiwa sauti ya Kiswahili, au iliyochezwa kwa Kiswahili toka mwanzo.

Na hapa muvi za kutafsiriwa zinarudi kwa fahari. Zile ambazo DJ anasimulia juu ya picha, kama alivyokuwa akifanya Lufufu Tanzania na kama anavyofanya DJ Afro Kenya, zilitengenezwa kwa watu waliobanana kwenye vibanda umiza, ambapo aliyeko nyuma anaona visogo tu. DJ anakwambia nani kaingia, kashika nini, ana nia gani, na anaongeza chumvi yake. Mtu anayefanya pushapu yuko katika hali ileile ya yule wa nyuma kibandani: haoni vizuri, lakini hakosi kitu.

Mpira kwenye TV unaweza kuugeuza mchezo wa mazoezi wenyewe. Kubalianeni kabla ya filimbi: kona, skwati kumi. Kadi ya njano, pushapu tano. Mpira wa adhabu karibu na boksi, planki mpaka upigwe, na hapo ndipo utakapomchukia mpigaji anayepanga mpira kwa madaha. Goli la timu yako, unaruka, na hilo ungeruka tu hata bila makubaliano. Mechi za Jumamosi mchana za ligi ya Uingereza huanza saa 11 jioni kwa saa zetu, na saa 12 wakirudisha saa zao nyuma mwisho wa Oktoba. Ni muda mzuri, jua limepoa, chakula cha mchana kimeshuka.

Kuhusu mahali pa kuweka simu. Wengi wanaiegemeza kwenye mguu wa meza, chini kabisa, halafu dakika zote 30 shingo imeinama. Isimamishe usawa wa macho: juu ya kabati, au juu ya ndoo iliyopinduliwa na kuwekwa kwenye stuli, ikiegemea chupa ya maji iliyojaa. Chupa tupu itateleza ukiruka. Geuza kioo kisitazamane na dirisha. Weka kitambaa kikavu pembeni, maana kidole chenye jasho hakisikilizwi na simu. Utabonyeza kusimamisha, yenyewe itaruka sehemu mbili mbele na kukuonyesha nani amekufa. Zima pia arifa za meseji. Kundi la WhatsApp la familia lina uwezo wa kuua zoezi lolote.

Kama unataka mtu wa kukuongoza hatua kwa hatua, video za mazoezi zipo tele, na wazo lenyewe ni la zamani kuliko intaneti. Japani wamekuwa wakifanya mazoezi kwa kufuata redio tangu 1928, dakika chache kila asubuhi, piano na sauti ya kuhesabu, na bado wanafanya. Machi 2020, shule za Uingereza zilipofungwa kwa sababu ya corona, mwalimu wa mazoezi Joe Wicks alianza kufundisha watoto moja kwa moja kupitia YouTube kutoka sebuleni kwake, na katika kipindi kimoja zaidi ya kaya 950,000 zilitazama kwa pamoja. Ukichagua video, angalia mambo mawili tu. Je, anaonyesha namna rahisi ya zoezi kwa asiyeweza? Na je, anasema mapema kinachofuata, au anabadilisha ghafla nawe ukiwa umelala kifudifudi? Mwonekano wa misuli yake haukuhusu.

Hatua ya 5: Ifungie mkekani

Hii ndiyo hatua inayotofautisha anayeendelea na anayeacha. Chagua kitu kimoja unachokitamani kweli, chenye kuacha mahali pabaya kila kinapoisha, halafu jiwekee marufuku: hakisikilizwi wala kutazamwa ila wakati wa mazoezi. Hakuna kumalizia kitandani.

Si nadharia ya mtaani. Mtafiti Katherine Milkman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania na wenzake walichapisha mwaka 2014 jaribio walilowafanyia wanachama wa gym ya chuo. Kundi moja lilipewa hadithi za kusisimua za kusikiliza kwenye iPod zilizofungiwa palepale gym. Ukitaka kujua kilichoendelea, njoo. Kundi la pili walipewa hadithi kwenye vifaa vyao wenyewe na kushauriwa wazisikilize gym tu. Kundi la tatu halikupewa hadithi. Mwanzoni, kundi lililofungiwa lilikwenda gym kwa asilimia 51 zaidi ya kundi la tatu, na lile lililoachiwa lijizuie lenyewe, asilimia 29 zaidi.

Nyumbani huna kabati la gym, kwa hiyo wewe ni kundi la pili, na tofauti ya 51 na 29 ndiyo uzito wa kufuli. Tafuta kufuli. Pakua sehemu za tamthilia kwenye flashi na umpe mtu wa nyumbani asiyebembelezeka, mara nyingi ni dada mkubwa au bibi. Au tumia simu ya zamani iliyopasuka kioo, isiyo na laini, ambayo kazi yake ni moja tu na inakaa juu ya mkeka uliokunjwa. Au fungeni mkataba na mwenzako wa ndani: tamthilia hii tunaitazama tukiwa wote wawili kwenye mkeka, atakayetangulia peke yake analipa bando la mwezi. Wivu wa nani ameona nini ni mlinzi mzuri kuliko nia njema.

Hatua ya 6: Bando, umeme na jirani

Piga hesabu kabla hujaunga. Muziki wa ubora wa kawaida, kilobiti 128 kwa sekunde, unakula karibu MB 58 kwa saa. Ukipandisha hadi 320, ni MB 144. Video ya 480p inaweza kula nusu giga na zaidi kwa saa. Maana yake, kwa saa mbili na nusu za wiki, mtu wa muziki anatumia MB 145 na mtu wa tamthilia anapita giga moja kirahisi. Kama bando lako la usiku ni nafuu, pakua usiku na ufanye mazoezi kwa vilivyopakuliwa. Faida ya pili ni kwamba matangazo hayakukatizi. Hakuna kinachokera kama kushikilia planki sekunde ya 40 huku ukisubiri tangazo la sabuni liishe.

Umeme ukikatika, redio ya betri inaokoa, na simu yenye spika dhaifu inapata nguvu ukiisimamisha ndani ya sufuria tupu au bakuli la udongo, mdomo wa spika ukiwa chini. Sufuria kubwa ya pilau inatoa besi kuliko ile ya chai. Jaribu utaona.

Jirani ana haki zake. Nyumba nyingi za kupanga hazina dari kati ya chumba na chumba. Ukuta unaishia chini ya bati na sauti inapita juu yake kama hakuna kitu. Sabufa saa 11 alfajiri ni ugomvi. Vaa spika za masikioni, na uzitunze sauti zake: Shirika la Afya Duniani linashauri usivuke asilimia 60 ya sauti ya kifaa. Kosa la kawaida ni kuwasha feni, kelele ya feni ikaingia, ukapandisha muziki kuishinda. Sogeza feni mbali kwanza. Na kama unakaa ghorofani, kumbuka kwamba spika za masikioni zinaficha muziki, hazifichi kishindo. Aliyeko chini anasikia kila unapotua. Tandika godoro jembamba au mikeka miwili, au mazoezi ya kuruka yahamishie jioni.

Hatua ya 7: Lini uzime kila kitu

Zoezi jipya lifanye kimya. Mara za kwanza unahitaji kusikia goti likilia, kuona kivuli chako ukutani, kujua mgongo umenyooka au la. Ukibeba uzito juu ya kichwa, hata kama ni dumu la maji la lita 10, zima. Ukiwa na mtoto anayetambaa au sufuria jikoni, acha sikio moja wazi.

Watoto wenyewe, kwa taarifa yako, ni burudani isiyotumia bando. Rede ya dakika 15 uani, ukiwa wewe ndiye unayerushiwa mpira katikati, inatosha kukutoa jasho mpaka visigino, na hawatakuruhusu kuacha. Mazoezi ya kusukumwa na mtu wa miaka saba ni makali.

Hatua ya 8: Ikipoa, badilisha, ikikatika, anza upya na kitu kipya

Lile jaribio la Pennsylvania lina sehemu ya pili ambayo haitangazwi sana. Nguvu ya hadithi ilipungua wiki zilivyokwenda, na ilishuka zaidi baada ya likizo ya Siku ya Shukrani ya Wamarekani, chuo kilipofungwa na ratiba kukatika. Sisi tuna Siku za Shukrani zetu: Krismasi ya kwenda kijijini, misiba, mitihani ya watoto, Ramadhani.

Kwa Ramadhani, usisubiri mwezi uishe ndipo ufikirie. Hamisha zoezi liwe jepesi, ama dakika chache kabla ya futari ili maji yawe karibu, ama usiku baada ya tarawehe, na lifupishe. Muziki wengi wanauweka kando mwezi huo. Hapo mawaidha na visa vya kusimuliwa vinachukua nafasi, na kutembea papo hapo kunatosha.

Kwa mapumziko mengine, kabla ya kuondoka pakua kitu kipya kabisa na usikiguse. Usitegemee kurudi kwenye tamthilia uliyoiacha katikati, maana huko kijijini lazima kuna binamu atakayekusimulia mwisho wake. Wiki ya kurudi, fungua kile kipya siku ya kwanza, kwa dakika 15 tu, na kiache pale penye utamu. Orodha ya nyimbo nayo ipitie upya: ule wimbo unaouruka kila ukifika, ufute, weka mwingine wenye namba ileile ya midundo.